Nilipima Nyonga za Watu kwa Miaka 16

Kazi yangu ni kushona. Nina atelye Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo: chumba kimoja kinachotazama ngazi za mawe, na masini tatu. Moja ni mbovu, ila naiacha palepale kwa sababu wateja wakiona masini tatu wananiheshimu. Kwa miaka 16 nimezungusha mita kwenye nyonga za akina mama wa kila namna: 98, 104, 112, 120. Nikimwona mtu anashuka ngazi najua atahitaji kikwembe kiasi gani kabla hajafika mlangoni. (Kikwembe, kwa msio wa huku, ni kitenge.) Ila ndani ya zile sentimita kuna nini, sikujua. Nilikuja kujua nikiwa na miaka 38, kwa sababu ya kizazi kilichoshuka, na ada ya somo hilo nililipa kwa dola, kwa machozi na kwa miaka miwili na zaidi ya kutembea huku nimebana miguu.

Ilianza Oktoba 2022, siku ya tatu bila maji kwenye bomba letu. Nilikuwa napanda ngazi na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama tunavyobeba huku, na kikohozi cha wiki mbili kifuani. Katikati ya ngazi nikakohoa, na kitu kikashuka. Hakikuuma. Ilikuwa kama nimekalia yai, ila nilikuwa nimesimama. Usiku, nikioga, nilipeleka kidole nikagusa kitu ambacho hakikuwa pale siku zote: cha mviringo, kina unyevu, kigumu kidogo kama ncha ya pua. Niliutoa mkono haraka nikajimwagia maji yote yaliyobaki, yaleyale niliyoyapandisha kwa shida. Asubuhi sikukiona. Nikasema Mungu ameniponya. Jioni kikarudi.

Nilinyamaza miezi minane.

Kwanza niliogopa kansa, na mtu anayeogopa kansa hataki kuambiwa. Pili, mji wetu una jina ambalo hatukuliomba. Hospitali ya Panzi, ile aliyoianzisha Dokta Denis Mukwege mwaka 1999, na yeye akapewa Nobeli ya Amani 2018, imetibu wanawake wengi sana waliobakwa vitani, na dunia inaijua kwa hilo. Sasa huku mtaani, mwanamke akionekana tu anatafuta matibabu ya sehemu zile, majirani wanaimalizia hadithi wenyewe. Wale walioumizwa kweli hawastahili minong'ono hiyo, na mimi niliyezaa tu sikutaka inifikie. Ilikuwa sababu ya kijinga. Lakini ndiyo iliyonifunga mdomo.

Tatu, bwana yangu. Nilianza kulala na sketi. Akafikiri nimemchoka, na mimi nikaona ni afadhali afikiri hivyo kuliko aone. Kama kuna jambo moja ningeliweza kulirudia upya katika habari hii yote, ni lile la kumwacha yule baba wa watu analala amegeukia ukuta miezi mizima akijiuliza kosa lake.

Niliyemwambia kwanza ni tanti yangu, na yeye akanifanyia alichofanyiwa. Akachemsha majani, akamimina kwenye beseni, akanikalisha juu yake nimefunikwa blanketi, mvuke uingie ukirudishe kizazi juu. Nilitoka pale na malengelenge mawili pajani. Simlaumu, alikuwa ananipenda. Ila mvuke hauvuti kitu kwenda juu, na ngozi ya pale ni nyepesi.

Baadaye nikaenda zahanati moja, saa mbili asubuhi ili niwahi kufungua atelye. Nikalala chali. Mhudumu akachungulia haraka kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka chini ya masini, akasema ni infeksio. Antibiotiki, dola 22. Baada ya mwezi tena, dola 18. Mara ya tatu sikumbuki, ila nakumbuka niliuza tisheti za wanafunzi kwa hasara ili nilipe. Infeksio sikuwa nayo. Nilikuwa na kizazi kinachoshuka jioni na kupanda nikilala, na mimi kila mara nilikwenda asubuhi, nikalala. Hakuna aliyeniambia nikohoe. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Aliyenifungua macho ni mteja. Mkunga mstaafu, mama mzito wa maneno machache, alikuja nimpime sketi ya harusi ya mjukuu. Nilipiga magoti kupima urefu, na wakati wa kuinuka nikaweka mkono chini ya tumbo kama nilivyozoea. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Asifiwe, kitu inashuka?"

Nikasema hapana.

"Inashuka asubuhi ao mangaribi?"

Nikasema mangaribi, na nikaanza kulia, mita shingoni, pini mdomoni. Aliniambia nitoe pini kwanza. Kisha akanipa maneno mawili ambayo nayarudia kwa kila anayeniuliza: nenda mwisho wa siku, baada ya kusimama na kufanya kazi, si asubuhi, na ukishapimwa umelala, omba upimwe umesimama, ukikohoa na kusukuma kama mtu wa chooni. Usipoambiwa, jiambie mwenyewe.

Nilifanya hivyo. Dokta wa hospitali niliyokwenda alichukua dakika tano tu kuona. Kizazi kimeshuka, daraja la pili kati ya manne, maana yake mlango wa kizazi ulikuwa umefika karibu na mlango wa nje. Kibofu nacho kilikuwa kimebonyea kwa mbele. Si kansa. Konsultasio dola 10, ekografi (ultrasound) 15. Dola 25 kwa jibu ambalo nilikuwa nimelikimbia kwa zaidi ya 60.

Hakunipeleka kwenye kisu. Alinipeleka kwa kine, ndivyo tunavyowaita wataalamu wa mazoezi ya viungo, na hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza.

Kine alikuwa mama wa umri wangu. Kwenye kapu lake, chini ya taulo, alikuwa na mifupa ya plastiki. Vitabu vya Kiswahili vinaita fupanyonga. Kifaransa ni bassin, na sisi wa Bukavu tukisikia bassin tunawaza beseni ya kufulia. Siku ya kujifungua Asifiwe, mwaka 2006, mkunga alisema bassin yangu ni nzuri, nami niliyekuwa na uchungu nikajiuliza anasifu beseni gani, maana niliyokuja nayo ilikuwa imepasuka.

"Basi ni beseni kweli," kine akasema. "Lakini iangalie vizuri. Chini yake iko wapi?"

Haina chini. Nilipitisha mkono mzima ukatokea upande wa pili. Mbele kuna mfupa wa kinena. Pembeni ile mifupa miwili mikubwa ambayo mita yangu huipitia kila siku; kila mmoja ulikuwa mifupa mitatu utotoni, ikaungana mtu anapokua. Nyuma kuna mfupa wa pembetatu, sakramu, na mwisho wake kifandugu, kijimkia tulichobaki nacho. Hapo mbele, pale ile miwili inapokutana, hakuna mfupa bali gegedu, na wakati wa mimba hulegea kidogo. Ndiyo maana wengine huumwa kinena mimba ikiwa kubwa hadi kugeuka kitandani ni kazi.

Nilitoa mita yangu mfukoni, natembea nayo. Nikapima mdomo wa juu wa beseni ile. Kutoka upande hadi upande sentimita 13. Kutoka mbele hadi nyuma kama 11. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Mimi nyonga zangu ni 104, na maisha yangu yote shangazi zangu walinipiga makofi kiunoni wakisema huyu atazaa kama kuku. Zile 104 ni nyama, mafuta na mabawa ya mfupa. Tundu lenyewe halipiti upana wa daftari la shule. Nimeona wateja wembamba kama ufito waliozaa kwa saa nne, na wenye 120 waliopasuliwa. Nilidhani ni bahati. Kumbe nilikuwa napima kisichohusika.

Na mtoto anapitaje? Kine akanionyesha kwa mwanasesere. Mdomo wa juu ni mpana kwa ubavu, kwa hiyo kichwa huingia kikitazama pembeni. Huko chini nafasi inageuka, inakuwa ndefu kutoka mbele kwenda nyuma, basi mtoto naye anageuka hadi uso unatazama mgongo wa mama. Na anainamisha kidevu kifuani, kwa sababu kichwa kilichoinama kina kipenyo cha kama sentimita 9 na nusu, na kisichoinama ni kikubwa zaidi. Hapo nikamwelewa kabisa. Ni blauzi ya shingo ndogo isiyo na zipu. Ukiivaa na uso umeinua juu itakukaba puani. Unainamisha kichwa, unazungusha kidogo, inapita.

Tukaja kwenye chini ya beseni, pale palipo na kesi yangu. Kinachoziba ni misuli. Imetandazwa kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, kama kikwembe cha kumbebea mtoto, na katikati yake kuna mwanya ambamo njia tatu zinapita: ya mkojo mbele, uke katikati, puru nyuma. Juu ya kikwembe hicho vimekaa kibofu, kizazi na puru, kwa mpangilio huohuo. Kizazi kisicho na mimba ni kidogo, urefu wake sentimita saba na nusu hivi. Ni kama avoka ndogo iliyogeuzwa kichwa chini, na kwa wanawake wengi imeinamia mbele juu ya kibofu. Ile "ncha ya pua" niliyoigusa usiku ule ilikuwa mlango wa kizazi changu. Nimekaa nacho tangu kuzaliwa na sikuwahi kujua kinafananaje.

Kwa juu kuna kano zinazokishika kizazi kwa pembeni na kwa nyuma kuelekea sakramu. Kwa hiyo kazi ni ya wawili: kano zinavuta juu, misuli inabeba chini. Misuli ikilegea, mzigo wote unahamia kwenye kano, na kano zikivutwa miaka hazirudi. Fundi yeyote anaijua lastiki iliyokufa. Unaiona ni nzima, ukiivuta inakuja, ukiiachia inabaki palepale.

Akanionyesha na msamba, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa. Pale misuli kadhaa inakutana na kufungana fundo. Nikamwambia mbona hiyo naijua: kwenye suruali ni pale mishono minne inapokutana. Fundi mvivu hapigi uzi wa pili hapo, na mwenye suruali akichuchumaa mbele za watu ndipo anapomjua fundi wake. Kine alicheka hadi akakaa. Akasema atalitumia hilo kwa wagonjwa wengine, na sijamdai kitu.

Baadaye nikiwa peke yangu nilirudi na akili hadi 2006. Nilikuwa na miaka 21. Nililazwa chali kwenye kitanda cha chuma, nikaambiwa sukuma kabla njia haijafunguka vizuri, nikasukuma kwa zaidi ya saa mbili. Mwishowe mtu mmoja akapanda kwenye kistuli akanikandamiza tumbo kwa mkono mzima kumshusha mtoto. Asifiwe alitoka na kilo 4.1. Nilichanika, nikashonwa haraka, sikuambiwa nimechanika hadi wapi. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kukandamiza tumbo hivyo. Hilo nilikuja kulisikia miaka 17 baadaye. Wala mkao wa chali si amri: ukilala ubavu au ukichuchumaa, kifandugu kinapata nafasi ya kurudi nyuma kidogo. Watoto watatu waliofuata walipita kirahisi, nikadhani mwili umesahau. Uzazi wa kwanza ndio mara nyingi hulegeza, umri na mizigo huja kumalizia. Mimi nilimaliza kwa bidoni.

Kuna jambo moja lilinikasirisha kuliko yote. Neva inayoamsha sehemu kubwa ya misuli ya huko inatoka kwenye sakramu, inapita pembeni na kuingia msambani. Kifaransa cha zamani kinaiita nerf honteux. Neva ya aibu! Wataalamu wa siku hizi wanasema pudendal, lakini hilo nalo ni Kilatini cha jambo lilelile, la kuonea haya. Kwa hiyo kabla ya tanti yangu, kabla ya majirani wa Kadutu, waliokata miili na kuandika vitabu Ulaya walikuwa wameshaamua kwamba hapo ni pa kuficha. Mkono una neva, mguu una neva, huku chini ndiko wakaweka aibu.

Mazoezi, sasa. Niseme kwanza nilivyokosea, kwa sababu naona wengi wanakosea hivyohivyo. Niliambiwa bana, nikabana tumbo na matako na kuzuia pumzi, na kumbe nilikuwa nasukuma chini. Wiki tatu nzima nilikuwa nakishusha kizazi kwa bidii. Kine alijua aliponipima kwa kidole. Ukitaka kujua kama unafanya sawasawa, fikiri uko kanisani na upepo unataka kutoka: unazuia nyuma, kisha unavuta kama unanyonya kitu kupanda juu kuelekea kitovu. Matako hayagusiki, pumzi inaendelea. Unashikilia kadiri unavyoweza, mimi nilianza na sekunde tatu nikafika kumi, unaachia kabisa, unapumzika, unarudia mara nane hadi kumi na mbili. Mara tatu kwa siku. Kuachia ni nusu ya kazi. Msuli usioachia hauna nguvu ya kubana. Na usifanye tabia ya kukatakata mkojo katikati kama zoezi, kibofu hakitatoa mkojo wote vizuri. Daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel aliyaandika mazoezi haya 1948, ndiyo maana kwenye simu utayakuta kwa jina lake.

Hayaleti muujiza wa wiki moja. Miezi mitatu ya kwanza niliona mabadiliko mawili tu: nilikuwa sivujishi mkojo nikipiga chafya, na jioni uzito ulichelewa kuja. Kilichonisaidia kuliko kuhesabu ni kujifunza kubana kwanza kabla ya kikohozi, kabla ya kuinua kitu. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye pedali ya masini. Kila ninapokiona nabana. Wateja wananiuliza kitambaa cha nini, nawaambia ni cha bahati.

Bidoni ya lita 20 niliiacha. Nanunua mbili za lita tano na ninakwenda mara nyingi, au nampa kijana mafaranga. Chooni naweka miguu juu ya kigoda kidogo ili nisijikaze, na maharagi na lengalenga haviondoki mezani, kwa sababu choo kigumu ni bidoni nyingine.

Halafu ilikuja pete. Inaitwa pesari, ni duara la silikoni linalowekwa ndani ya uke likazuia kizazi kisishuke. Nilipata moja kwa dola 40, na ya kwanza ilianguka chooni siku ya pili nikiwa kwenye harusi Bagira. Nililia kwa sababu ya zile 40 kuliko kwa sababu ya ugonjwa. Kosa halikuwa la pete, lilikuwa la haraka: ilikuwa ndogo kwangu, na niliondoka hospitali bila kuijaribu. Ukiwekewa, usitoke pale. Tembea, chuchumaa, kohoa, nenda ukakojoe. Ikikuuma, au usipoweza kukojoa, hiyo si saizi yako. Ikidondoka, pia. Iliyonifaa ilikaa hata nisijue kama ipo. Nilijifunza kuitoa mwenyewe, kuiosha kwa maji na sabuni ya kawaida, na kuirudisha, na nilikuwa nakaguliwa kila baada ya miezi michache maana ikisahaulika ndani inaweza kuchubua. Usiku niliporudi na ile ya pili nilimwita baba Asifiwe, nikamweleza yote, nikamwonyesha na mchoro. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Kumbe ulikuwa mgonjwa." Ndicho pekee alichosema, na kesho yake akabeba maji yeye mwenyewe, wanaume wa ngazini wakimtazama.

Ningeweza kuishia kwenye pete. Wengi wanaishia hapo na wako sawa. Mimi kazi yangu ni ya kukaa na kuinuka na marobota, na mwisho wa 2024 kizazi kilikuwa kimefika daraja la tatu, kikinitokeza nje kila nikiitoa. Tukakubaliana na dokta nipasuliwe mwezi wa tatu. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini, benki zikafunga milango, na dola 300 nilizokuwa nimeweka zikabaki upande wa pili wa mlango. Niliendelea na pete hadi Septemba. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ndiyo iliyonifikisha. Upasuaji ulikuwa 380, na dawa, chakula na siku za kulala zikafikisha 460. Wanaopanga bajeti, wekeni na wiki sita bila mshahara, maana hilo hakuna anayeliandika kwenye fakitira.

Kabla ya kusaini nilikuwa na maswali kwenye karatasi ya patroni. La kwanza: mnakata nini? Maana nilikuwa nimeambiwa na kila mtu kwamba dawa ni kutoa kizazi. Dokta akasema ukweli ambao ulinipendeza: kizazi si chenye kosa, kinaanguka kwa sababu vilivyokibeba vimechoka. Ukikitoa bila kukaza vilivyobaki, juu ya uke napo panaweza kushuka baadaye. Wapo wanaohitaji kutolewa, na wapo ambao kizazi kinaweza kubaki kikafungwa kwenye kano ngumu iliyoko nyuma, kati ya mwiba mmoja wa mfupa wa nyonga na sakramu. Nilichagua hilo la pili, na ukuta wa mbele chini ya kibofu ukashonwa. Swali la pili: nikitaka mtoto mwingine? Hapo angeniambia nisubiri, kwa sababu uzazi unaweza kulegeza kazi yote. Wanne wananitosha. Mwenye kutaka kuzaa bado, ulizia hilo kabla ya tarehe, si baada.

Walinichoma sindano mgongoni, nilikuwa macho nikisikia mikasi. Niliisikia vizuri kiasi kwamba nilijua inahitaji kunolewa, na nikasema. Chumba kikacheka.

Sikuambiwa kuhusu tako. Au niliambiwa sikusikia. Wiki tano tako la kulia liliniuma kama nimekalia sindano, kwa sababu uzi umefungwa karibu na neva za pale. Kila usiku niliamini wameharibu kitu. Ikaisha yenyewe kama ilivyotarajiwa. Wiki sita sikuinua kitu kizito kuliko birika, wala tendo la ndoa. Damu kidogo ni kawaida. Homa, harufu mbaya au kushindwa kukojoa unarudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na motari wa pikipiki anataka nauli mara mbili.

Nilipokuwa nimekaa tu nyumbani, mikono ikiniwasha, nilichukua beseni dogo la plastiki lililokuwa la kumwogeshea kitinda mimba, nikalikata chini kwa mikasi ya zamani. Nikashona kikwembe cha kuziba, chenye lastiki na mwanya. Kizazi nilikitengeneza kwa kipande cha blauzi nyekundu, nikakijaza pamba. Kibofu cha njano, puru la kahawia. Kano ni riboni za vifungo vya mtoto. Ukivuta lastiki kwa mkono, kile chekundu kinashuka polepole na kutokeza kichwa, na ukiiachia kinapanda. Asifiwe, ambaye sasa ana miaka 19, alikichezea jioni nzima bila kusema neno, kisha akauliza kama yeye ndiye aliyeniharibu. Nikamwambia aliyeniharibu alipanda kwenye kistuli.

Beseni hilo lilikaa atelye, juu ya ile masini mbovu. Wengine walidhani ni kofia. Mwezi uliopita mama mmoja wa makamo, mteja wa siku nyingi ambaye kila nikimpima anashikilia ukuta, alilitazama muda mrefu nikiwa natafuta vifungo vyake. Aliuliza kile chekundu ni nini, nikamwambia. Akavuta lastiki. Akaachia. Akavuta tena. Niliporudi na vifungo alikuwa amelifunga kwenye kikwembe chake, ameliweka kichwani, yuko ngazi ya sita au ya saba anapanda.

Sikumwita. Hajalirudisha hadi leo, na nguo yake bado iko hapa inamngoja. Nimeshanunua beseni lingine.